Foleni haianzii mlangoni kwa daktari

Kuna siku niliacha kazi zangu za wodini nikamfuata bibi mmoja tangu alipokuwa getini mpaka alipotoka na dawa mkononi. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa. Akaniangalia kwa mashaka: "Mwanangu, unanifuata, kwani nimekosa nini?" Nikamwambia sina kazi nyingine zaidi ya kuandika saa. Akacheka, akanipa mkoba wake nimshikie.

Alikuwa amefika saa kumi na mbili kasoro asubuhi, na alitoka saa tisa na nusu mchana. Jioni nilikaa na daftari nikajumlisha dakika zote ambazo mtumishi yeyote alikuwa anamhudumia: kuandikishwa, kupimwa presha, kuonana na daktari mara mbili, kutolewa damu, kulipa, kupewa dawa. Hazikuzidi dakika 40. Saa 9 zilizobaki alikuwa kwenye benchi, au anatembea kutoka jengo hili kwenda lile akiuliza "ni hapa?"

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa kwenye timu ya uboreshaji huduma ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Kila foleni inapopigiwa kelele, jibu la haraka ni kwamba madaktari hawatoshi. Ni kweli hawatoshi, sitabisha. Lakini yule bibi hakumsubiri daktari kwa saa 9. Alisubiri daktari amalize raundi ya kuwapitia waliolazwa, alisubiri trei ya damu ijae, alisubiri mtandao urudi dirisha la malipo, kisha akasubiri tena mlangoni kwa daktari yuleyule aliyemwona asubuhi. Tukiongeza madaktari wawili kesho bila kugusa hayo mengine, tutakuwa na madaktari wawili zaidi wanaosubiri majibu ya maabara.

Nianze na asubuhi. Watu wanafika alfajiri kwa sababu wanajua anayewahi ndiye anayepata namba. Daktari naye anaanza na kikao cha asubuhi, kisha raundi ya wodini, na ni kawaida afike chumba cha wagonjwa wa nje saa nne. Kwa hiyo kabla mgonjwa wa kwanza hajaonwa, benchi limeshajaa, na deni hilo hatulilipi mpaka mchana. Hapo hakuna mvivu. Daktari yuko kazini tangu saa moja na nusu. Tatizo ni kwamba ratiba ya wodi na ratiba ya kliniki zinamgombania mtu mmoja, na wagonjwa wa nje ndio wanaoshindwa kila siku.

Tulichojaribu ni kumwacha daktari mmoja asiende raundi asubuhi, aanze moja kwa moja na wagonjwa wa marudio, wale wa presha na kisukari ambao wengi wao wanahitaji kupimwa, kuulizwa maswali machache na kuandikiwa dawa zilezile. Wao tuliwapa saa ya kuja: kundi la saa mbili, kundi la saa nne, kundi la saa sita. Mwezi wa kwanza wote walikuja saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida yao. Hawakuamini kwamba mtu wa saa nne atakuta nafasi yake ipo. Na kwa nini waamini? Ahadi ya saa inajengwa kwa kutimizwa mara nyingi, hasa siku ambayo mkubwa fulani amemleta shangazi yake bila namba.

Hapa kuna hesabu ndogo ninayoipenda, inayoitwa kanuni ya Little, kwa jina la John Little, Mmarekani aliyeithibitisha mwaka 1961. Idadi ya watu waliomo ndani ni sawa na kasi wanayoingia ukizidisha na muda kila mmoja anaokaa. Tuseme wanaingia wagonjwa 60 kwa saa, na kila mmoja anakaa saa 4. Ndani utakuwa na watu 240. Ukipunguza muda wa kukaa hadi saa 3, watabaki 180, na hujamfukuza hata mmoja wala kujenga chumba. Ndiyo maana huwa nasita nikisikia mpango wa kuongeza mabenchi. Benchi jipya linamsitiri mgonjwa, na hilo ni jema, lakini saa za kukaa hazipungui.

Hesabu nyingine inauma zaidi. Mwaka 1909 mhandisi wa Denmark, Agner Erlang, alichapisha kazi kuhusu simu zinazoingia kwenye kituo cha kuunganishia simu, na kutoka hapo ikazaliwa elimu nzima ya foleni. Chukua daktari mmoja anayemaliza mgonjwa kwa wastani wa dakika 10, na wagonjwa wanaingia bila mpangilio, mara wengi, mara wachache. Akishughulika kwa asilimia 80 ya muda wake, wastani wa kusubiri ni dakika 40. Akifikia asilimia 90, ni dakika 90. Asilimia 95, dakika 190. Kazi iliyoongezeka kutoka 90 hadi 95 ni kidogo sana, ila kusubiri kumezidi maradufu. Viongozi wetu wanapenda kuona kila mtumishi na kila kitanda kimeshughulishwa muda wote, na kwa jicho la mhasibu hiyo ni sifa. Kwa jicho la foleni, pasipo na nafasi hata kidogo, mgonjwa mmoja mwenye kifafa anatosha kuharibu asubuhi ya watu 50.

Ukiwa na madaktari watatu, usiwape foleni tatu. Weka mstari mmoja, anayemaliza anaita anayefuata. Benki wanafanya hivyo siku zote. Kwetu bado kuna vyumba ambavyo daktari mmoja amezungukwa na watu 30 huku jirani yake anachezea simu, kwa sababu faili zimeshagawanywa tangu asubuhi na hakuna aliyepewa kazi ya kuzigawa upya.

Sasa maabara, ambako ndiko tulikopata faida kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Chumba cha kutolea damu kilikuwa upande mmoja, maabara upande mwingine wa uwanja. Mhudumu alikuwa anasubiri trei ijae ndipo aipeleke, asije akavuka jua mara 20 bure. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Lakini piga hesabu: tuseme trei inabeba tyubu 20 na kila dakika 3 inaongezeka moja. Tyubu ya kwanza itakaa karibu saa nzima kabla ya kuondoka mezani. Ikifika, maabara inapokea 20 kwa mpigo, inazidiwa, kisha inakaa bure mpaka trei nyingine. Majibu nayo yanatoka kwa mpigo, na watu 20 wanarudi mlangoni kwa daktari kwa pamoja, kila mmoja akisema, "Mimi nimeshaonwa, naleta majibu tu."

Hiyo foleni ya pili ndiyo inayozaa ugomvi. Anayeleta majibu anaona ana haki ya kupita, ambaye hajaonwa kabisa anaona anarukwa, na muuguzi wa mlangoni ndiye anayetukanwa na wote wawili. Tulikubaliana mambo mawili. Damu inaondoka kila robo saa hata kama trei ina tyubu mbili. Na daktari anaita mmoja wa majibu, mmoja mpya, kwa zamu, tukabandika tangazo hilo mlangoni kwa maandishi makubwa. Hayo mawili hayakugharimu chochote zaidi ya karatasi na miguu ya mhudumu, ambaye kwa haki kabisa alidai apunguziwe kazi nyingine. Tulimpunguzia baada ya kuvutana wiki mbili.

Kompyuta nitazigusia tu. Mfumo wa kielektroniki umetuondolea kero ya faili kupotea, na namba ya malipo imefunga mianya mingi ya fedha. Lakini mgonjwa anayelipa mara nne kwa siku, kumwona daktari, kipimo, picha, dawa, atapanga foleni mara nne hata kama kila dirisha lina kompyuta mpya. Kwanza punguza mara za kulipa, ndipo ununue mashine.

Wodini ndiko watu wa nje hawaoni. Mgonjwa wa dharura analala kwenye machela koridoni saa nane mchana kwa kukosa kitanda, na wakati huohuo wodini yuko kijana aliyeambiwa saa tatu asubuhi, "Leo unaenda nyumbani." Ameshavaa viatu. Anasubiri fomu ya kuruhusiwa, ambayo itaandikwa raundi ikiisha, kisha bili, kisha dawa za kwenda nazo, kisha ndugu atoke kijijini. Akiwa hana uwezo wa kulipa, anasubiri afisa ustawi wa jamii, ambaye huenda ni mmoja kwa hospitali nzima. Ijumaa jioni ikishapita, atalala mpaka Jumatatu. Sasa tunajaribu kutaja jioni majina ya watakaotoka kesho, fomu iandaliwe usiku, ndugu apigiwe simu mapema, na raundi ianze kwao kabla ya wengine. Inakwenda kwa kusuasua. Madaktari wengine wanaona raundi ni lazima ianze kitanda namba moja, kama walivyofundishwa.

Nikitaka mfano wa kuwaonyesha wanaosema haiwezekani bila fedha nyingi, huwa siendi Ulaya. Naenda Blantyre, Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth. Watoto walikuwa wanafariki wengine wakiwa bado kwenye foleni. Walipanga upya kliniki ya watoto wa nje, wakawafundisha watumishi kuchambua wagonjwa mara wanapofika, wakaweka chumba cha dharura karibu, na wakafanya watu wa nje na watu wa wodini wafanye kazi kwa pamoja. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya 6 na 8. Ripoti yake ilitoka mwaka 2006 kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani. Uchambuzi wenyewe una makundi matatu tu: wa dharura, wa kipaumbele, na wanaoweza kusubiri. Kazi ngumu ni kumweka mtu mlangoni mwenye mamlaka ya kumpitisha mtoto anayehema kwa shida mbele ya watu 100, na watu hao 100 wawe wameelezwa kwa nini.

Na hapo nirudi kwenye lile tusilopenda kuliandika kwenye ripoti: mlango wa nyuma. "Huyu ni wangu, mwone kidogo." Mimi mwenyewe nimefanya, kwa mama yangu mdogo, na ningefanya tena kama foleni ingekuwa ileile. Ukihesabu waliopitishwa hivyo asubuhi moja, utakuta ni foleni kamili isiyoandikwa popote, na ndiyo inayoharibu ratiba ya walioahidiwa saa nne.

Kama unataka kuanza kwenye kituo chako, usianze na mpango mkakati. Chukua wagonjwa 10, bana karatasi kwenye kadi ya kila mmoja, na kila atakayemgusa aandike saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Sisi sehemu iliyotusumbua ilikuwa mstari wa mwisho, saa ya kutoka getini, maana ukishatoa dawa hakuna anayemfuata mgonjwa tena. Karatasi zilikuwa zinarudi na nafasi hiyo tupu, nyingine hazirudi kabisa. Mwishowe tulimwomba askari wa getini azikusanye. Anaandika vizuri kuliko sisi, na siku hizi akiona saa imepita sana ananipigia simu kuuliza kulikoni.