Kanisa la Tolpuddle: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Tolpuddle ni kijiji cha Dorset, kusini mwa Uingereza, kinachojulikana kwa vibarua sita wa mashamba waliounda chama cha wafanyakazi, kisha wakahukumiwa mwaka 1834 kupelekwa Australia kama wafungwa kwa miaka saba. Kisa chao hakitengani na kanisa la Wamethodisti, na kuhusu kanisa hilo ndiko watu wanakokosea zaidi.

"Hili lenye lango la ukumbusho ndilo kanisa walimosali."

Silo. Jengo hilo ni la miaka ya 1860, takriban miaka thelathini baada ya kesi. Lango lilizinduliwa mwaka 1912 na Arthur Henderson, mbunge wa chama cha Labour aliyekuwa Mmethodisti mwenyewe. Kanisa la akina George Loveless, kiongozi wa vibarua hao, lilikuwa kijumba cha kuta za udongo kilichojengwa mwaka 1818. Kiliachwa, kikageuzwa jengo la shamba, na kikakaa hivyo zaidi ya miaka mia moja huku wageni wakipiga picha lango wakaenda zao. Inauma, kwa sababu hicho kijumba ndicho kilichowalea watu hawa. Nafuu ni kwamba katika miaka yetu hii watu waliunda mfuko wa kukiokoa, wakakinunua na kukikarabati.

"Njama ilipangwa kanisani."

Hapana. Kiapo cha kujiunga na chama kililiwa nyumbani kwa Thomas Standfield, mmoja wa wale sita, mwishoni mwa 1833, wanachama wapya wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, kisha wakaonyeshwa mchoro wa kiunzi cha mifupa ya mtu. Kanisa liliwapa kitu kingine kabisa. Loveless alikuwa mhubiri mlei: kibarua aliyejisomesha, aliyezoea kusimama mbele ya watu na kujenga hoja. Waumini walijua kuendesha mkutano na kuchangishana fedha kidogo kidogo. Ujira ulipoteremka kutoka shilingi tisa kwa wiki hadi saba, na wakatishiwa sita, watu wenye mazoea hayo hawakuhitaji mchochezi kutoka nje ili waunde chama.

"Walihukumiwa kwa kuunda chama cha wafanyakazi."

Vyama vilikuwa halali tangu sheria za kuvizuia zilipofutwa mwaka 1824. Kwa hiyo ikatafutwa sheria ya mwaka 1797, iliyotungwa baada ya mabaharia wa jeshi la majini kuasi, na kosa likawa kuapisha watu kwa siri. Loveless alimkabidhi jaji maandishi akieleza kwamba hawakumdhuru mtu wala mali yake, bali waliungana ili wake zao na watoto wao wasife njaa. Hayakuwasaidia.

"Uongozi wa Wamethodisti uliwapigania."

Laiti ingekuwa hivyo. Waliojaza barabara za London Aprili 1834 kuwatetea walikuwa vyama vya wafanyakazi. Wakuu wa Wamethodisti wa Wesley waliogopa kuhusishwa na upinzani. Mwaka huohuo walimsimamisha mhubiri Joseph Rayner Stephens kwa kudai Kanisa la Anglikana litenganishwe na dola. Ubabe wa namna hiyo uliwafanya wengi wajitenge katika miaka iliyofuata. Msomaji wa pwani ya Kenya ana sababu ya kulijua hili: Thomas Wakefield, aliyefika Ribe mwaka 1862, alitumwa na dhehebu lililotokana na waliojitenga.

"Wote sita walikuwa Wamethodisti, na wote walirudi kijijini kwao."

Wamethodisti walikuwa watano. Msamaha kamili ulitolewa mwaka 1836, lakini kurejea kulichukua miaka, na hao watano hatimaye walihamia Ontario, Kanada, na familia zao. Aliyebaki Tolpuddle ni James Hammett, yule wa sita. Alifariki mwaka 1891 katika nyumba ya maskini ya Dorchester, akazikwa kijijini, kwenye makaburi ya kanisa la Anglikana.