Dawa za kutoa maji mwilini: miguu ikinywea, usiache vidonge

Dawa hizi zinafanyaje kazi?
Huzifanya figo zitoe chumvi nyingi zaidi kwenye mkojo, na chumvi hutoka na maji. Presha hushuka, uvimbe hupungua. Kwa presha hutumika sana haidroklorothayazaidi. Kwa uvimbe wa ugonjwa wa moyo au figo, mara nyingi ni furosemaidi.

Miguu imenywea na presha iko sawa. Niache?
Hapana. Presha iko sawa kwa sababu unameza dawa. Wagonjwa wengi huacha siku wanapojisikia vizuri, kisha tunawapokea usiku wakihema, hawawezi hata kulala chali kwa sababu maji yamejaa mapafuni. Tafadhali, usiache.

Hata nikipumzika wiki moja tu?
Hata wiki moja. Kwa mwenye moyo dhaifu, siku chache zinatosha kurudisha maji yote. Dawa ikikusumbua, rudi kliniki ipunguzwe au ibadilishwe. Kujipunguzia mwenyewe nyumbani ni kuacha kidogo kidogo.

Nina safari na sitaki kukojoakojoa njiani. Niruke dozi?
Usiruke. Furosemaidi ya kumeza huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi, na nguvu yake huisha baada ya saa 6 hadi 8. Muulize anayekutibu jinsi ya kusogeza muda wa kumeza siku hiyo. Siku za kawaida meza asubuhi, ili usiku ulale.

Jirani ana vidonge hivi. Anigawie, miguu yangu imevimba?
Asikugawie. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na kidonge cha kukojosha hakiigusi. Wanaovimeza ili wapungue uzito nao waache: kinachotoka ni maji na madini, mafuta yanabaki palepale.

Kwa nini napimwa damu kila mara?
Kuangalia figo na madini ya sodiamu na potasiamu. Furosemaidi na haidroklorothayazaidi hushusha potasiamu, na ikishuka sana misuli hukakamaa na mapigo ya moyo huvurugika. Spironolaktoni, dawa nyingine ya kutoa maji, kinyume chake huipandisha. Kwa hiyo usinunue vidonge vya potasiamu kwa kukisia.

Naweza kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni?
Usimeze bila kuuliza. Hubakiza chumvi na maji mwilini, na zikichanganywa na dawa hizi zinaweza kuumiza figo.

Nisisubiri wakati gani?
Ukibanwa na pumzi, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, usingoje tarehe ya kliniki. Ukiharisha au kutapika sana, wasiliana na kituo chako siku hiyohiyo, kwa maana hapo dawa inaweza kuhitaji kusimamishwa kwa muda, na watakuambia pia siku ya kuianza tena.