Afande, Subaru hii itaruka na nani?

"Fundi, nimepata injini. Subaru, EJ22, ya Japani, haijafunguliwa hata nati moja. Njoo uione."

Aliyepiga simu ni afande mmoja mstaafu mwenye ng'ombe wake kule Nakasongola, Uganda. Jeshi aliliacha miaka mingi iliyopita, lakini cheo hakijamwacha, wala Kiswahili cha kambini. Alikuwa amenunua michoro ya kujijengea Zenith CH 701, ile ndege ya viti viwili aliyoibuni Chris Heintz, yenye vibawa vidogo mbele ya bawa kubwa vinavyoiwezesha kunyanyuka kwenye njia fupi sana. Anataka kuruka kutoka malishoni kwake, amsalimie dada yake kule Kisoro, kusini-magharibi mwa nchi, arudi kabla ng'ombe hawajaingia zizini.

Mimi ni fundi wa ndege. Nilisomea Soroti, kwenye chuo cha usafiri wa anga kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, na siku hizi nashinda kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Kajjansi. Ndege za kujijengea ni ugonjwa wangu wa wikendi. Kwa hiyo nilikwenda.

Injini hiyo ya gari, ya lita 2.2, ilikuwa imekaa juu ya matairi mawili chini ya mwembe, imeoshwa kwa petroli mpaka inang'aa. Afande akaniuliza swali ambalo kila mjenzi huanza nalo: tutapata nguvu za farasi ngapi? Nikamwomba mizani anayopimia ndama.

Tulipima injini pamoja na alteneta na stata. Kisha nikajumlisha vitu ambavyo havikuwepo pale chini ya mwembe ila ndegeni lazima viwepo: giaboksi ya kupunguza mizunguko, rejeta, maji yake, mipira ya maji, fremu ya kushikilia injini, betri ya pili. Hesabu ikakaribia kilo 150. Rotax 912, injini ambayo CH 701 huipenda, ikikamilika na vikorokoro vyake haifiki hata kilo 80.

Sasa tazama. CH 701 ikiwa tupu ina uzito wa kilo 263 hivi, na mwisho wake wa kuruka ni kilo 499. Inabaki nafasi ya kilo 236 kwa watu, mafuta na mzigo. Subaru inakula 70 za ziada, zimebaki 166. Weka Afande na mtu mmoja wa kilo 75 kila mmoja (na Afande si wa kilo 75, nasema kwa heshima). Zimebaki kilo 16. Hizo ni lita 22 za petroli, na injini ya namna ile ikikazwa inaweza kuzimaliza ndani ya saa moja. Ndipo nikamuuliza, "Afande, Subaru hii itaruka na nani?"

Hakucheka.

Na kuna hesabu nyingine mbaya zaidi kwa ndege ya njia fupi. Umbali wa kukimbia kabla ya kunyanyuka hupanda takriban kwa mraba wa uzito: ukiongeza uzito kwa asilimia 10, unakimbia kama asilimia 21 zaidi. Atakayesema "lakini nguvu imeongezeka" ajue kwamba rafadha (ile feni ya mbele inayovuta ndege) ikiwa ileile, nguvu ikipanda kwa asilimia 25, msukumo wakati ndege imesimama hupanda kwa asilimia 16 tu. Uzito unakukata kwa panga, nguvu inakulipa kwa kijiko.

Ndiyo maana mimi huanza na rafadha, injini huja baadaye. Ndege ya kuruka kwenye njia fupi inahitaji rafadha kubwa inayozunguka polepole, isukume hewa nyingi kwa mwendo mdogo. Nguvu ileile ukiipa rafadha ya kipenyo cha mita 1.52 badala ya mita 1.83, kwa hesabu ya nadharia unapoteza karibu asilimia 12 ya msukumo wa kuanzia. Lakini hiyo ya mita 1.83 huwezi kuifunga moja kwa moja kwenye krenki, shafti kuu ya injini ya gari. Kwa mizunguko 5,500 kwa dakika ncha yake ingekimbia zaidi ya mita 520 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe, kwenye joto la nyuzi 28, husafiri karibu mita 348. Ungepata kelele ya kutisha kijiji kizima, na msukumo hafifu. Ipunguze kwa uwiano wa 2.2 kwa 1, izunguke mara 2,500, na ncha inarudi kwenye mita 240. Hapo rafadha inafanya kazi.

Bernard Pietenpol, mjenzi wa Marekani aliyeweka injini ya Ford Model A kwenye ndege yake mwaka 1929, hakuhitaji giaboksi kwa sababu injini ile ilikuwa kubwa, nzito na mvivu: nguvu za farasi 40 kwa mizunguko kama 2,200. Injini za Japani tunazozipata Kisekka, kwenye vipuri vya magari Kampala, ni kinyume chake. Ni nyepesi kwa nguvu zake kwa sababu zinazunguka mbio. Volkswagen ya kobe nayo hufungwa rafadha moja kwa moja, ila rafadha yake ni fupi. Inafaa ndege ya kukimbia, kwa malisho ya Nakasongola hapana.

Basi giaboksi. Hapa nina kovu.

Miaka kadhaa nyuma, kwenye mradi wangu mwenyewe, niliona bei ya giaboksi ya kuagiza nikashtuka. Nikachora yangu, nikachongesha gia, nikaunganisha na krenki kwa kipande cha mpira mgumu. Tuliifunga kwenye fremu, tukaifunga fremu kwenye mti, tukawasha. Kwenye mizunguko 3,000 ilikuwa tulivu kama cherehani. Tukishusha hadi sailensa, yaani injini inaunguruma tu bila kuongezwa mafuta, gia zinalia kama njugu ndani ya kopo. Nikajiambia zitazoea. Baada ya saa 11 za kuwasha na kuzima nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nilipofungua, kile kipande kilikuwa kimesagika kuwa unga mweusi, na meno mawili ya gia yana ufa unaoonekana kwa macho.

Sababu ni hii. Injini ya silinda nne haizungushi krenki kwa mkono laini. Inaipiga ngumi mbili kila mzunguko. Kwenye gari, flaiwili nzito na klachi yenye springi humeza ngumi hizo, kisha matairi yanamalizia. Kwenye ndege, upande wa pili kuna rafadha, kitu kizito kinachokataa kuharakishwa na kukataa kupunguzwa. Katikati yao shafti inajisokota na kujisokotoa. Kila mfumo wa namna hiyo una mdundo wake wa asili, na ngumi za injini zikigongana na mdundo huo, mtikisiko unajilisha wenyewe mpaka kitu kikatike. Kwa mizunguko 800 ngumi ni kama 27 kwa sekunde. Kwa 5,000 ni kama 167. Kazi ya mwenye kubuni giaboksi ni kuhakikisha mdundo ule uko chini ya sailensa, ili usiukute tena angani. Si kazi ya kubahatisha kwa macho, nami nilibahatisha.

Tangu siku hiyo sichagui injini peke yake. Nachagua injini, giaboksi na rafadha kama watu watatu wa nyumba moja, ambao tayari wamesharuka pamoja mamia ya saa kwenye ndege ya mtu mwingine. Ukibadilisha rafadha ya mbao kwa nzito ya chuma, umeleta mgeni. Anza hesabu upya.

Mwinuko wa nchi yetu nao una ushuru wake. Entebbe iko mita 1,153 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 28, hewa yake ni nyepesi kama ya mita 1,900 kwenye vitabu, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) iliyoandikwa nguvu za farasi 100 inakupa 81 hivi. Kisoro kwa dada, mchana wa nyuzi 24, inabaki 74. Rafadha nayo na mabawa yanashika hewa hiyo hiyo nyepesi. Afande akaruka haraka kwenye tabo: "Subaru EJ20 za tabo zimejaa mjini!" Kweli zimejaa, na kwa hesabu ya mwinuko ana hoja. Lakini tabo ya mtumba ambayo hujui imeshabebeshwa nini, juu ya misitu ya Kigezi, huko kwa dada? Mimi sipandi.

Tena gari haliitumii injini yake. Forester kwenye barabara ya Masaka inaomba kama robo ya nguvu, hata pungufu. Ndege inaomba zote wakati wa kupaa, kisha asilimia 65 hadi 75 kwa saa nzima bila kupumzika. Joto lote hilo linakwenda kwenye rejeta, na ndege ya njia fupi hupaa polepole huku pua iko juu, yaani inatoa joto jingi wakati upepo ni kidogo. Rejeta iliyofungwa tu chini ya tumbo bila njia ya kuingizia na kutolea hewa itachemsha. Nimeona sindano ikigusa nyekundu ndege ikiwa futi 600 tu juu ya mwisho wa uwanja.

Umeme usiusahau. Ndege ya kawaida ina magneto mbili, mitambo inayojitengenezea cheche za plagi, ambazo hazijui habari za betri. Injini ya gari, alteneta ikifa na betri ikaisha, kompyuta inalala na pampu ya mafuta inalala nayo. Betri mbili, pampu mbili, na swichi ambazo mkono unazipata gizani. Kwa EJ22, tafuta za hadi 1996: mkanda wa taimingi ukikatika, vali hazigongani na pistoni. Za baadaye zinagongana. Angani utatua bila injini vyovyote vile, ila moja utaitengeneza na nyingine utaitupa.

Petroli ndiyo sababu ya watu wengi kutaka injini ya gari, maana Avgas, petroli ya ndege, ni ghali. Sawa, ila iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaweza kuiharibu injini kwa kugonga. Nunua kituo kimoja, chuja, na mwaga kidogo chini ya tangi kila asubuhi uangalie maji.

Nilimshauri nini? Kwa CH 701: Rotax, hata iliyotumika yenye vitabu vyake kamili, au injini nyepesi ya aina ya Suzuki ya lita moja yenye giaboksi inayojulikana. Toyota 1NZ na Honda ya lita 1.5 za Fit ni injini nzuri za alumini zenye cheni, ila ni za ndege kubwa kidogo. Subaru 2.2 ni ya ndege kubwa zaidi. Na kabla ya kukata bati, karatasi kwanza kwenye Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Wiki mbili baadaye simu ikalia. Kumbe alichokuwa amekamilisha ni usukani wa mkia tu.

"Fundi, kuna hii CH 750. Ni kubwa kidogo, sivyo?"

"Ndiyo, afande, inabeba zaidi."

"Basi huu usukani nautundika sebuleni. Subaru nimeifunga kwenye pampu, inavuta maji ya ng'ombe. Ile Fit ya mke wangu ni lita ngapi?"