Je, wajua kwa nini ukavu wa Lesotho ndio unaoiletea theluji ya kuteleza?

Afriski ni kituo cha kuteleza kwenye theluji katika milima ya Maluti, Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mteremko wake mkuu una urefu wa kilomita 1 hivi. Baridi ya huko huwa kali kuanzia Juni hadi Agosti, lakini mvua nyingi za nchi hiyo hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Kwa hiyo baridi inapofika, mawingu yameshaondoka. Theluji ya asili huanguka mara chache, na haitoshi kufunika mteremko msimu mzima.

Dawa yake ni mizinga ya theluji. Mzinga ni feni kubwa iliyozungukwa na matundu madogo ya kunyunyizia maji. Matundu machache huchanganya maji na hewa ya kompresa. Hewa hiyo ikitoka hutanuka, hupoa ghafla, na kuzaa chembe ndogo za barafu. Matone kutoka matundu mengine hugusana na chembe hizo, nayo huganda yakiwa bado angani.

Hapa ndipo ukavu unapogeuka neema. Tone likiwa hewani, sehemu yake ndogo hugeuka kuwa mvuke, na mvuke huondoka na joto, kama jasho linavyopoza ngozi. Kwa hiyo mafundi hutegemea kipimajoto chenye utambi uliolowa maji, ambacho kinatakiwa kisome kama nyuzi -2.5 au chini zaidi. Hewa ikiwa nyuzi 0 na unyevu asilimia 30, kipimo hicho hushuka chini ya -4, na kazi huanza. Ukungu ukitanda kwa nyuzi -2, afadhali kuzima mitambo.

Kufunika mteremko wa mita 1,000 kwa 30, unene wa sentimita 30, kunahitaji mita za ujazo 9,000 za theluji. Kila mita ya ujazo ya maji hutoa kama mbili na robo za theluji, hivyo yanahitajika maji lita milioni 4. Bwawa dogo likikauka katikati ya msimu, hakuna mzinga utakaosaidia.

Fundi hupima ubora kwa mkono wa koti lake. Punje zikidunda na kudondoka, theluji ni kavu mno, na maji yanaweza kuongezwa. Zikilowesha kitambaa, matone hayakuganda yote, na asubuhi mteremko utakuwa barafu tupu. Hapo hupunguza maji mara moja. Akizima mzinga, hutoa maji yote yaliyobaki ndani ya mipira ya kupitishia maji, kwa kuwa yakibaki huganda na mpira hauna kazi tena usiku huo.

Lundo huachwa kwa siku nzima lichuje maji kabla ya trekta la minyororo kulisambaza. Theluji hii ina uzito wa kilo 400 hadi 500 kwa mita ya ujazo, wakati ile mpya ya asili mara nyingi haifiki 100, ndiyo maana hii ya mizinga hustahimili jua kali la mchana.