Mpinga vita ni nani, na jina lake limetoka wapi

Kijana wa jirani yangu hapa Chang'ombe, Dodoma, kamaliza kidato cha sita na anangoja kwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Juzi jioni alinikuta uani nabangua karanga. Akavuta ndoo, akakaa.

"Shikamoo mzee. Hivi pasifisti ndiye nani? Mtu wa Bahari ya Pasifiki?"

Nilicheka, lakini hakuwa mbali, maana maneno hayo ni ndugu. Kwa Kilatini pax ni amani na facere ni kufanya, kwa hiyo pacificus ni mwenye kuleta amani. Baharia Magellan alipoingia bahari ile mwaka 1520 aliikuta imetulia, ikabaki na jina hilo. Pasifisti ni neno la juzijuzi tu. Mwaka 1901, kwenye mkutano wa kimataifa wa amani uliofanyika Glasgow, mwanasheria Mfaransa Émile Arnaud alilipendekeza ili watu wa vyama vya amani wapate jina moja la kujiita.

Sisi tunasema mpinga vita. Linaeleweka, ila kwangu lina upungufu: limebeba vita ndani yake, na la Arnaud limebeba amani. Waliotafsiri Biblia walilipatia zaidi. Kwenye Mathayo 5:9 Kilatini kina beati pacifici, Kiswahili kikaandika "Heri wapatanishi". Mpatanishi ana kazi ya kufanya. Mpinga vita anaweza kukaa barazani akapinga mpaka kahawa ikaisha. Na hiyo amani tuliyoichukua kwa Waarabu ina shina moja na imani, amini na amana. Ni hali ya kumwachia mwenzako mzigo wako ukaenda zako bila kugeuka nyuma.

Pasifisti asichanganywe na mpenda amani, kwani hapo sote tumo. Mwalimu Nyerere alipenda amani, na bado mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, alitangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Pasifisti kamili angekataa hata hapo. Wamennonite, ambao kanisa lao liko nchini tangu miaka ya 1930, wana mafundisho ya namna hiyo, na Wakweka, madhehebu ya Kikristo ya Uingereza, walishamwandikia mfalme wao mwaka 1660 kwamba hawatashika silaha. Wapo pia wanaopinga vita fulani tu, au silaha za nyuklia tu. Nao huitwa wapinga vita, ingawa Mkweka wa zamani angewatazama kwa jicho la pembeni.

"Sasa mtu akiitwa jeshini akakataa, inakuwaje?"

Nikamweleza kwamba Uingereza ilipoanza kuwalazimisha wanaume kwenda vitani, mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, sheria yenyewe iliweka mlango: aliyekatazwa na dhamiri yake alifika mbele ya baraza akajieleza. Wengine walikubaliwa, wengine walipewa kazi zisizo za silaha, wengine waliishia gerezani.

"Na huku kwetu?"

Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, jeshi la Waingereza liliingia Dodoma likiwafukuza Wajerumani. Huku Ugogo hapakuwa na baraza la kumuuliza mtu dhamiri yake. Wajerumani walikuwa wameshachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza wakaja, nao wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakata. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na wanahistoria wanakadiria iliua watu wapatao 30,000. Wengi wao hawakuwahi kushika bunduki ya upande wowote.

Kijana alikuwa ameacha kutafuna. Alichukua ungo, akaanza kupepeta maganda.