Umefunga simu, laini umeiacha wazi

Ukimuuliza mtu kama simu yake ina ulinzi, atakuonyesha alama ya kidole au mchoro anaouchora kwenye kioo. Ni kinga nzuri, wala usiiondoe. Lakini kibaka aliyekukwapulia simu dirishani mwa daladala pale Ubungo hana haja ya kuhangaika na kioo chako. Anachomoa laini, anaitia kwenye kitochi, na ndani ya dakika chache namba yako iko hai mikononi mwake. Kila meseji uliyopaswa kuipata wewe inaingia kwake.

Na siku hizi mambo yetu mengi yamefungwa kwenye namba ya simu. M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa iko humo. WhatsApp imesajiliwa kwa namba hiyo. Ukisahau nywila ya barua pepe, kodi (namba ya uthibitisho) ya kuibadilisha hutumwa kwenye namba hiyo. Benki nayo hutuma uthibitisho wake hapohapo. Simu yenyewe unaweza kununua nyingine. Kinachoumiza zaidi ni yale yanayofanyika kwa namba yako kabla hujaifunga.

Kwenye dawati la msaada wa TEHAMA tulimpokea mama mmoja muuza vitenge aliyeporwa simu jioni akitoka dukani. Kioo kilikuwa na namba ya siri, na mwizi hakukifungua. Usiku uleule wanakikundi wenzake wa vikoba wakaanza kupokea ujumbe: “Jamani nimepatwa na dharura, naomba laki moja, kesho asubuhi narudisha. Tumeni kwenye namba hii, yangu ina shida.” Baadhi yao wakatuma. Mwizi alichofanya ni kufungua WhatsApp kwenye simu yake mwenyewe, akaandika namba ya mama, na kodi ya tarakimu sita ikaingia kwa meseji kwenye kitochi alimotia laini. Mazungumzo ya zamani hakuyaona, lakini makundi ya WhatsApp hubaki na namba, hivyo majina ya kuyaomba pesa aliyakuta yakimsubiri.

Kinga ya jambo hili haina gharama na imo ndani ya kila laini, lakini wengi hawajawahi kuigusa: namba ya siri ya laini yenyewe. Ukiiwasha, laini ikihamishiwa simu nyingine, au simu ikizimwa na kuwashwa, haifanyi kazi mpaka namba hiyo iandikwe. Mwizi akikosea mara tatu, laini inajifunga na kudai PUK, ambayo ni namba ya kuifungua yenye tarakimu nane. Akikosea PUK mara kumi, laini hiyo imekufa kabisa.

Kwenye simu za Android, nenda kwenye Mipangilio, kisha Usalama, utafute sehemu ya kufunga SIM kadi. Kila kampuni ya simu ina mpangilio wake, kwa hiyo usipoiona, andika “SIM” kwenye kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya Mipangilio. Kwenye iPhone imo katika mipangilio ya data ya simu, chini ya SIM PIN. Vitochi vingi navyo vinayo, kwenye mipangilio ya usalama.

Kabla hujaiwasha, nisikilize hapa. Simu itakuomba kwanza namba ya siri iliyokuja na laini, wala siyo ile unayotaka kuiweka. Usibahatishe, maana nafasi ni tatu tu. Itazame kwenye ile kadi ya plastiki uliyobandulia laini, ambapo na PUK huwa imeandikwa. Kadi hiyo wengi huitupa siku ileile ya kununua laini. Kama huna, piga 100 uongee na mtoa huduma wa mtandao wako, akutajie zote mbili, uziandike kwenye daftari la nyumbani. Ukishaiwasha, badilisha ile ya kiwandani: bonyeza **04* kisha namba ya zamani, nyota, namba mpya, nyota, namba mpya tena, umalizie na #. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, na isifanane na namba ya siri ya pesa. Kama una laini mbili, kila moja iwekewe ya kwake.

Wapo wanaopinga, wakisema simu ikizimwa na kuwashwa, laini iliyofungwa haitaleta intaneti, na hivyo simu haitaonekana kwenye ramani. Ni kweli. Lakini laini mara nyingi ndiyo kitu cha kwanza kuchomolewa, na baada ya hapo hata isiyofungwa haikusaidii kuitafuta simu. Nikilazimika kuchagua, nachagua kufunga laini.

WhatsApp nayo ina mlango wa pili: kwenye mipangilio ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Ni namba ya tarakimu sita unayoitunga mwenyewe. Mtu akipata kodi ya meseji bado ataombwa hiyo, na bila hiyo hafiki kokote kwa siku saba. Hakikisha pia kwamba meseji hazionyeshi maneno yake juu ya kioo kilichofungwa. Kodi ikichungulia hapo, mwizi anaisoma bila kufungua chochote.

Halafu fungua picha zako sasa hivi. Je, kuna picha ya kitambulisho chako cha NIDA? Kuna jina kwenye orodha ya namba lililoandikwa “Pini ya benki”? Tunayakuta haya mara kwa mara. Namba ya NIDA, jina kamili na meseji za miamala ya karibuni ni vitu ambavyo tapeli anavihitaji ili ajifanye wewe. Futa, na ukumbuke kufuta hata kwenye pipa la taka la picha, ambako hukaa kwa muda kabla ya kutoweka.

Kazi nyingine ya dakika moja: bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu kumi na tano za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Simu ya laini mbili huonyesha IMEI mbili. Zinakili na uzihifadhi nje ya simu, kwa sababu polisi na mtandao wako watazihitaji. Na ukinunua simu ya mkononi kwa mtu, iwe Kariakoo au mtaani kwenu, tuma IMEI yake kwa meseji kwenda 15090. Utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu lisipolingana na simu uliyoshika, rudisha na uchukue hela yako.

Ikitokea umeibiwa, azima simu ya jirani upige 100 ya mtandao wako, na uombe wafunge laini pamoja na akaunti ya pesa. Fanya hivyo kabla ya kuanza kuitafuta simu. Baada ya hapo waarifu ndugu na makundi yako wasitume pesa. Kisha ingia kwenye android.com/find, au icloud.com/find kwa iPhone, uifunge ukiwa mbali. Ramani ikikuonyesha nyumba fulani, ipeleke polisi. Usiende peke yako kugonga mlango wa watu. Chukua ripoti ya upotevu, ambayo sasa hupatikana pia kwa mtandao wa Jeshi la Polisi, uende dukani kurudisha laini kwa alama ya kidole. Laini ikirudi, sajili WhatsApp upya siku hiyohiyo, na aliyekuwa ameishika atatolewa. Ukiwa hapo piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Wenye iPhone wana jambo moja zaidi la kuangalia. Siku au wiki kadhaa baadaye inaweza kuja meseji kwamba simu yako imepatikana, yenye kiungo cha kubonyeza ili uone ilipo. Ukibonyeza utaombwa nywila ya Apple. Wanaoituma mara nyingi ndio walioishika simu, na bila nywila hiyo hawawezi kuiuza kama simu nzima. Usiwape, wala usiiondoe simu hiyo kwenye akaunti yako hata ukiahidiwa kurudishiwa. Meseji yenyewe ipeleke kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.