Mbwa wa kutahadharisha kisukari: mafunzo huharibikia kwenye sampuli

Sukari ya damu inaposhuka chini ya 70 mg/dL (3.9 mmol/L), harufu ya pumzi na jasho la mtu hubadilika, na mbwa wa kutahadharisha hufundishwa kuinusa harufu hiyo na kumpa mgonjwa taarifa. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walipima pumzi za wanawake wanane wenye kisukari cha aina ya kwanza, wakakuta kemikali iitwayo isoprini imepanda sukari iliposhuka, kwa baadhi yao karibu maradufu. Mbwa kunusa tofauti ya namna hiyo si kazi kubwa. Kazi ni kumwonyesha kwamba harufu hiyo, na si nyingine yoyote iliyo karibu, ndiyo inayolipwa.

Ndiyo maana mafunzo huanzia kwa mgonjwa. Akijipima na kukuta sukari imeshuka, anajifuta shingoni na kwenye paji la uso kwa gozi safi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), au anaiweka mdomoni hadi ilowe mate, kisha anaifungia kwenye chupa ndogo ya kioo. Hilo ni jambo la sekunde chache, na lifanyike kabla hajala glukosi. Sampuli iliyochukuliwa baada ya juisi inanuka juisi, na mbwa hataona sababu ya kuhangaika na kingine. Lakini kama mtu anatetemeka au ameanza kuchanganyikiwa, ale kwanza. Sampuli itapatikana siku nyingine. Juu ya chupa huandikwa tarehe, saa na kipimo, kisha inaingia kwenye friza. Ikishayeyushwa hairudishwi.

Sampuli za kulinganisha ndizo watu huzisahau. Mtu huyohuyo achukue nyingine sukari ikiwa sawa, kwa gozi ya pakiti ileile, chupa za aina ileile na kalamu ileile, zikae friza moja kwa muda unaokaribiana. Ikiwa sampuli za sukari ya chini zimetoka kwenye friza na za kawaida zimechukuliwa asubuhi hiyo, mbwa atajifunza harufu ya friza. Atapata alama zote kwenye chumba cha mafunzo, kisha akifika nyumbani anamwangalia tu mgonjwa anayetokwa jasho. Vipimo vya katikati, kama 75 au 80, viachwe nje kabisa wakati wa kufundisha, maana vinamchanganya.

Zoezi la kwanza ni fupi: chupa moja, mbwa anaweka pua, mkufunzi anatoa sauti ya alama (mlio mfupi wa kumwambia mbwa amepatia) papo hapo, zawadi inafuata. Akichelewa hata sekunde mbili, amelipa kitendo cha kugeuza kichwa. Pua ikishatulia juu ya chupa, linaongezwa tendo la kutoa taarifa: kugusa goti kwa pua au kuweka mguu pajani. Kubweka hakufai kwa mtu atakayekwenda naye kazini au kanisani. Baada ya hapo chupa huwa nne au tano, moja tu ikiwa na sukari ya chini, nyingine zikiwa za kawaida, gozi tupu, na moja yenye harufu ya chakula. Nafasi hubadilishwa kila raundi, na raundi nyingine hazina jibu kabisa, ili mbwa ajue kwamba kupita bila kusema kitu nako kunalipwa.

Mbwa husoma watu vizuri kuliko chupa. Mkufunzi anayejua jibu hupunguza mwendo kidogo, hukaza kamba, hushika pumzi, na mbwa anaketi mahali panapotakiwa. Jaribio lenye maana ni lile ambalo mtu mwingine amepanga chupa na kutoka nje, na aliyeshika mbwa hajui. Sampuli za jaribio ziwe ambazo mbwa hajawahi kuzinusa, kwa sababu mbwa hodari hukariri sampuli moja moja bila kuelewa zinafanana kwa nini.

Nyumbani, kila taarifa hujibiwa kwa kipima sukari. Kipimo kikiwa chini, mgonjwa anakula gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, mbwa analipwa, na kipimo kinarudiwa baada ya dakika 15. Kikiwa cha kawaida, hakuna zawadi wala kukaripiwa. Pima tena baada ya dakika 15, maana huenda ilikuwa njiani kushuka. Anayelipa bila kupima atakuwa na mbwa anayemgusa goti kila akisikia njaa.

Andika pia zile mara ambazo sukari ilishuka na mbwa akanyamaza. Daftari lenye taarifa sahihi peke yake halisemi lolote, na mbwa wengine wakipimwa hivyo huonekana wanakosa nyingi. Hulala, huchoka, hupata mafua. Kihisi cha sukari kinachovaliwa mwilini na kengele yake vibaki kazini, hasa usiku, na mbwa akianza kunyamaza mara kwa mara arudishwe kwenye chupa kwa sampuli mpya.